Mwalimu, Rehema Hakuanza

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitajiona kama nimeingia sebuleni kwako na viatu vya mpira.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine. Sijui huko uliko habari zinafikaje, ila kwa ninavyowajua watu wa Keko, yeyote atakayekufuata mwezi huu atafika nayo mdomoni kabla hajapewa pa kukaa. Basi isikie kwangu. Jumapili Rehema hakuanza. Hata benchi hakukaa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, ile ya kupanda ligi kuu. Timu ni ile uliyoiokota wewe ikiwa haina hata mpira, nahodha ni binti yako wa kumzaa, na mimi niliyekuahidi wodini kwamba sitamtoa, nikamtoa.

Tulishinda, moja bila. Nakwambia mapema ili usisikilize habari nzima kwa presha, maana presha uliugua ya kutosha. Tungefungwa ningepata nafuu. Watu wangenitukana, wangesema marehemu amenikasirikia, na mimi ningeinamisha kichwa nikijua naadhibiwa. Sasa wananipongeza. Kila ninapopita wananishika mkono, naitikia asante, asante, huku moyo unanisuta.

Siku ya ahadi yenyewe unaikumbuka. Mama Rehema alikuwa ametoka kukununulia uji, na Rehema alikuwa hajafika. Mkono wa kulia ulikuwa huwezi tena kuuinua, ukanishika kwa wa kushoto, ukasema, "Zena, msimu huu usimtoe Rehema. Mwakani fanya utakavyo, lakini huu mwache aumalize." Nikakujibu, "Sitamtoa, Mwalimu." Nilijibu upesi, kama mtu anayeitikia salamu. Ningekuwa na akili ningekuuliza kwa nini unaniomba jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitaja. Lakini nani anamhoji mgonjwa? Ukafumba macho, Mama akaingia na uji. Wiki ile ile tukakuzika.

Ahadi ni deni, kila mtu analijua hilo. Lakini aliye hai unaweza kumwendea ukamwomba akusubiri. Wewe nakwendea wapi?

Niache nijitetee kidogo, halafu utanihukumu. Mimi kocha umenitengeneza wewe. Nilikuja uwanjani kwako mtoto wa shule, mwembamba, naishi kwa shangazi Mtoni, sijui kitu zaidi ya kukimbia. Wewe ulikuwa umestaafu, beki namba mbili uliyechezea timu kubwa ya mjini mpaka goti likakukatalia, na wenzako wa zamani walikuwa wakikucheka kwamba umeshuka mpaka unafundisha mabinti. Ulikuwa unachora mistari ya uwanja kwa unga wa mbao uliouomba kwa mafundi wa sofa, kwa kuwa chokaa hatukuwa nayo. Upepo ukivuma mstari wa goli unahama, sisi tunabishana mpira umeingia au haujaingia, na wewe unatuacha tubishane mpaka tuchoke. Halafu unasema, "Ungepiga ukagusa wavu, nani angebisha?"

Rehema na mimi tulianza siku moja. Yeye nyuma, mimi pembeni kulia. Nikicheza vibaya ulinigombeza mara moja, akicheza vibaya yeye ulimgombeza mara mbili, kwa sababu ni wako. Jioni nilikula kwenu, sahani moja na yeye, Mama akitugawia vipande vya samaki mwenyewe ili tusipigane. Mpaka leo nikisikia mtu anasema dada, wa kwanza kunijia ni Rehema.

Baadaye nikapata timu ya ligi kuu, nikapata timu Morocco, misimu miwili. Ulinisindikiza uwanja wa ndege umevaa suti yako ya harusi, imekubana, hukutaka kufungua hata kifungo. Kisha goti langu nalo likakataa. Nikarudi na begi moja na magongo, nikajifungia kwa shangazi, sitaki kuona mtu wala kuonwa. Ukaja. Hukunipa pole. Uliweka gunia la koni mlangoni, ukasema, "Kesho kazipange hizi. Nikija nikute umepanga." Nikaenda nikipepesuka nikazipanga, ukazipangua zote, ukaniambia nianze upya. Ndivyo nilivyokuwa kocha. Sikuwahi kukushukuru kwa gunia lile, na sasa naona haya kukushukuru ndani ya barua kama hii.

Na ukanifundisha kuangalia. Watu wote humwangalia mchezaji anavyokimbia, wewe ulisema mbio ni za mwisho kuondoka. "Mchezaji anazeekea kwenye kugeuka," ulisema. Ukanisimamisha nyuma ya goli, ukanikataza kabisa kuangalia mpira, niangalie nyonga za mabeki tu, mechi baada ya mechi, mpaka nikaanza kuota nyonga. Leo siwezi kuacha. Hata sokoni naona nani anageuka vizuri na nani ameanza kuchoka.

Basi viongozi walinikabidhi timu kabla hata ya arobaini yako, na nilipobaki peke yangu pale pembeni nikamwona. Rehema akimgeukia mtu upande wa kushoto, anapiga hatua moja ya ziada. Moja tu. Alikuwa anaiziba kwa akili: anasimama mapema, anapiga kelele, anawapanga wenzake kabla hatari haijafika. Mashabiki hawakuona kitu. Lakini kwenye mechi ya kabla ya mwisho fowadi mmoja aliigundua hatua ile, akampita upande huo huo mara mbili, na kipa wetu ndiye aliyetuokoa. Wale wa Kinondoni tuliokuwa tunakutana nao Jumapili walikuwa wamekaa jukwaani, wanatazama. Kocha wao alimwinamia msaidizi wake akamwonyesha kwa kidole. Nikajua wameona.

Na nilikuwa na Neema, yule binti wa Kigamboni anayevuka na pantoni kila siku kuja mazoezini. Ulimsajili wewe mwenyewe. Ulisema nyonga anazo, zimebaki akili tu. Msimu huu akili imekuja.

Alhamisi nikaamua. Nililia, lakini niliamua. Niliwafikiria wasichana wengine wote, wale wanaouza maandazi asubuhi ndipo waje mazoezini, nikaona sina haki ya kuwanyima ligi kuu kwa sababu ya neno nililokupa wewe peke yako. Kama ningeishia hapo ningekuwa na la kukwambia. Kocha amefanya kazi ya ukocha. Kibaya ni kilichofuata, na hicho hukunifundisha.

Sikwenda kumwambia mwenyewe.

Kwetu habari nzito haibebwi na mwenye nayo. Muoaji hajipelekei posa, na mfiwa hatangazi msiba wake. Anatafutwa mtu mzima, mwenye ulimi mwepesi, anakwenda yeye. Nikajiambia ndiyo heshima. Nikamwita Bi. Tatu, meneja wetu wa timu, nikamwomba aende kwa Mama Rehema kwanza, kwa kuwa Mama yuko edani na ndiye mkubwa wa nyumba, amweleze kwa upole, kisha Mama ndiye amwambie mwanawe. Ilionekana busara. Ulikuwa woga, Mwalimu, umevishwa kanga.

Bi. Tatu naye ni mtu wa taratibu, unamjua. Jambo zito haliendewi na mtu mmoja, kwa hiyo akawachukua wanawake wawili wa mtaani kwake. Ijumaa asubuhi, watu hawajamaliza hata chai, wakaingia uani kwako watatu, kanga kichwani, nyuso zimeinama. Wakapiga hodi ya chini chini. Wakakaa. Wakanyamaza kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha Bi. Tatu akaanza: "Mama Rehema, wewe ni mtu mzima, na mambo yote ni ya Mungu."

Unajua ni watu gani wanaoingia hivyo kwenye nyumba ya mtu asubuhi. Rehema alikuwa ametoka alfajiri kukimbia barabarani, na bodaboda za siku hizi ndizo hizo. Mama hakusubiri sentensi ya pili. Alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa mafundi.

Mafundi wakazima mashine. Majirani wakaja mbio, huyu na upawa mkononi, huyu na mtoto hajavaa. Mtu akaanza kutandika mikeka, mwingine akauliza mwili uko hospitali gani, na yule fundi wa vitanda jirani yako akatoa viti vya mteja wake akaanza kuvipanga uani. Bi. Tatu anajaribu kusema, hasikiki. Katikati ya hayo Rehema akaingia, jasho linamtoka, ameshika mkate, akakuta anaombolezwa yeye. Kabla hajauliza, Bi. Tatu akapanda juu ya kigoda akapaza sauti: "Jamani, hajafa. Ameachwa tu kwenye kikosi."

Najua ungecheka. Hata mimi, ingekuwa ya watu wengine, ningecheka mpaka nishike ukuta. Nusu ya watu walicheka pale pale, kwa ahueni tu, hawakuwa na ubaya. Lakini walicheka mbele yake. Rehema aliweka mkate juu ya beseni, akamwinua mama yake kutoka chini, akaingia naye ndani.

Mimi nilikuwa Mtoni, nimekaa mezani nakunywa chai, nasubiri simu ya kuniambia kwamba imekwenda salama. Ijumaa hiyo hiyo baada ya swala walikuombea msikitini, Mungu akupe kauli thabiti. Mimi ndiye niliyekuwa naihitaji.

Jumapili hakuja uwanjani kule Kinondoni. Nilikuwa na matumaini ya kipuuzi kwamba atakuja, hata asimame nyuma ya goli, hata aje kunitukana. Kila bajaji iliposimama getini niligeuza shingo. Mzee mmoja shabiki wetu wa siku zote alipita nyuma ya benchi akasema kwa sauti, nisikie vizuri, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikaendelea kutazama geti.

Neema alicheza. Fowadi wao alimjia upande ule ule waliouchora, Neema akageuka naye bega kwa bega, akamnyang'anya mpira, akaupiga kwa kiungo wetu kama hakuna kilichotokea. Nikageukia pembeni yangu kukwambia, umeona? Nikakumbuka. Bao lilikuja kipindi cha pili kwa kona, mpira ukagonga watu wawili ukaingia wenyewe, si bao la kusimulia. Filimbi ya mwisho ilipolia wasichana walinibeba. Niliwaomba wanishushe, wakadhani goti linaniuma.

Walitaka twende Keko. Si kwa ngoma, walijua Mama yuko edani. Walitaka tu kusimama uani wakusomee Fatiha, na Wakristo wetu wainamishe vichwa. Tukaenda na ile Kosta ya kukodi. Wote wakashuka, mimi nikabaki ndani, simu sikioni, najifanya naongea na viongozi. Simu ilikuwa imeisha chaji tangu Kinondoni. Neema, aliyekuwa wa mwisho kushuka, aliona kioo cheusi, akanitazama, akashuka zake. Kocha aliyepandisha timu ligi kuu nilikuwa najificha kwenye gari mbele ya nyumba niliyolishwa.

Jumanne ndipo nilipokwenda. Nilichelewa, najua, siku zote hizo nilikuwa natafuta sababu. Mama alinipokea chumbani kwake. "Karibu mwanangu, mbona umekonda?" Akaagiza niletewe chai. Akaniuliza habari za shangazi, akaniuliza goti. Lile la Ijumaa hakuligusa kabisa. Angenifukuza ningejua pa kusimama, lakini ananiuliza goti, na mimi ndiye niliyemfanya agaagae chini mbele ya mtaa mzima.

Rehema alikuwa uani anaanika nguo. Nikamwambia, "Pole, Rehe." Hakugeuka. Nikaanza kumweleza habari za mechi ile ya nyuma, za yule fowadi, akanikatiza.

"Mie kuachwa hakujaniuma, Zena. Mie nilijua kabla yako. Tangu ligi inaanza nyonga hii inanikatalia. Nikamwambia baba. Akasema nisikwambie, nimalize msimu."

Na hapo nikakukasirikia, Mwalimu, bora nikwambie nisikae nayo. Uliona. Wewe uliyekuwa unaona kila nyonga ya Temeke, ya mwanao ungekosaje kuiona? Ukashindwa kumtoa, ukamfunga mdomo yeye kwa upande wake, ukanifunga mimi kwa upande wangu, halafu ukaondoka. Ukatuacha mabinti wako wawili, mmoja anaficha nyonga, mwingine anaficha macho. Sikulaumu kwa kumpenda. Nami nilifanya hivyo hivyo: nilimwogopa kwa kumpenda, nikamtuma Bi. Tatu. Huenda hilo nalo nililitoa kwako.

Lakini lako ni lako, na langu ni langu. Rehema alibana nguo mbili tatu, kisha akasema, "Ila umemliza mama msiba wangu mie nikiwa hai. Na yuko eda ya baba. Ungekuja mwenyewe ukaniambia Rehe umekwisha, ningekutukana, tungenuniana wiki, ikaisha. Hii sijui itaisha lini."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya kumwomba awe msaidizi wangu, nikayameza, maana angeona natafuta kujifidia, na angekuwa sahihi. Nikachukua shati kwenye beseni, nikalikung'uta, nikalianika. Hakunikataza. Tulianika hivyo mpaka beseni likaisha, kila mtu kwenye upande wake wa kamba.

Sasa nakuaga, Mwalimu. Juu ya Rehema sitakuahidi tena kitu chochote. Tuliahidiana mimi na wewe habari zake yeye akiwa hayupo, na umeona tulipofika. Niliyemwahidi ni yeye, pale pale kwenye kamba: kuanzia sasa mchezaji nitakayemwacha atasikia kwangu mimi, kwa mdomo wangu, ananitazama usoni. Wewe ulisikie hilo tu, na unisamehe ukiweza. Mama tunamwangalia. Mungu akupanulie ulipolala, baba yangu, na usingizi wako uwe mwepesi kuliko wangu.

Kabla sijaondoka nilimwomba Rehema jambo moja. Nilimwambia siku yangu itafika, nitakuwa nimechuja, timu inafungwa kila wiki, na watu wote wananionea haya kuniambia. Siku hiyo asiruhusu atumwe mtu. Aje yeye.

"Nitakuja," akasema, hata sijamaliza. Na yeye, Mwalimu, atatimiza.

Wako,
Zena